Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Jinsi ya Kuinuka Baada ya Maafa

Ukitoka Nairobi ukaipita Athi River na kushika barabara ya Namanga, mji wa kwanza kukupokea ni Kitengela. Leo ni mji wa majumba ya ghorofa, matatu, maduka na viwanda. Zamani palikuwa malisho, ambapo ng'ombe wa Wamaasai na wanyama wa mwitu kutoka Mbuga ya Nairobi walikula nyasi pamoja. Sasa Kitengela ni mji wa watu walioanza upya. Yuko aliyefutwa kazi Nairobi akaja kutafuta nyumba ya bei nafuu. Yuko mjane aliyekimbia ugomvi wa urithi. Yuko mfugaji kutoka ndani ya Kajiado ambaye ukame ulimmalizia mifugo, na sasa analinda lango la mtu mwingine usiku.

Watu hawa wote wamepatwa na jambo moja: maisha waliyoyajua yamekatika ghafula. Katika somo la leo tutatazama yanayompata mtu mwilini na akilini baada ya maafa makubwa, tutajifunza kutenganisha huzuni ya kawaida na ugonjwa, kisha tutaeleza hatua ambazo zimejaribiwa na kuonekana kusaidia. Tutatumia zaidi mfano wa wafugaji wa Kajiado, lakini mafunzo yenyewe yanamfaa yeyote aliyepoteza kazi, nyumba, afya au mtu wake wa karibu.

MFANO WA MZEE MMOJA

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 52 kutoka upande wa Mashuuru alikuwa na ng'ombe 80. Baada ya ukame akabaki na sita. Amekuja Kitengela na kupata kazi ya ulinzi wa usiku. Mkewe amebaki nyumbani na watoto wadogo.

Mchana mzee huyu halali, ingawa amechoka. Akifumba macho huwaona ng'ombe wake wakianguka mmoja mmoja. Kichwa chamuuma, tumbo lamwaka, chakula hakina ladha. Simu ikilia kutoka nyumbani haishiki, kwa sababu hana la kusema. Jioni moja mwenzake alimwuliza, "Mzee, mbona siku hizi husemi?" Akajibu, "Niseme nini? Mimi si mtu tena."

Msomaji, yashike maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo kiini cha somo hili. Mzee hakusema, "Mimi ni maskini." Alisema yeye si mtu tena.

MAAFA YENYEWE

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikishindwa katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika. Wataalamu wa hali ya hewa walisema ukame mrefu namna hiyo haujaonekana kwa miaka 40. Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa nchini, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Kabla ya hapo, ukame wa mwaka 2009 uliwamaliza ng'ombe wengi wa kaunti hiyo, na hata nyumbu wa Amboseli karibu waishe.

Mvua iliporudi haikuja kwa upole. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024 mafuriko yaliikumba Kitengela yenyewe, na Shirika la Msalaba Mwekundu likawa na kazi ya kuwaokoa watu waliozingirwa na maji. Hivyo wako waliokimbia ukame wakakutana na gharika mlangoni.

Je, jambo kama hili limewahi kutokea na watu wakainuka? Ndiyo. Wamaasai wana neno *Emutai*, maana yake maangamizi. Ndivyo wanavyouita wakati wa miaka ya 1880 na 1890 walipopigwa kwa mfululizo. Yalikuja maradhi ya homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha sotoka, ambayo iliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, halafu ndui ikawashika watu wenyewe, pamoja na njaa. Familia nyingi zilikimbilia kwa majirani wakulima, Wakikuyu na Wakamba, ili zipate chakula. Mtu aliyeiona nchi wakati huo angeweza kusema kwamba Wamaasai wamekwisha. Hawakuisha. Katika muda wa kizazi kimoja walikuwa wamejenga upya mifugo yao. Na ile sotoka iliyowamaliza ng'ombe wao ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote mwaka 2011.

Hatusemi haya ili kuipunguza taabu ya mtu wa leo. Mzee wetu wa Kitengela hawezi kurudi katika malisho ya miaka ya 1890, kwa kuwa ardhi imegawanywa, imezungushiwa ua na kuuzwa vipande vipande. Lakini historia hii yaonyesha kwamba kuinuka kuna njia zake, na kwamba njia kuu siku zote imekuwa watu kushikana mikono.

KWA NINI MAAFA HUINGIA MWILINI

Mtu akiogofywa, mwili hutoa homoni za kumsaidia kupigana au kukimbia, kama vile adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi huondoka, tumbo husimamisha kazi. Hali hiyo ni msaada mkubwa ikiwa simba yuko mlangoni, kwa sababu huisha pindi simba akiondoka.

Ukame hauondoki kwa dakika kumi. Wala deni, wala kodi ya nyumba. Mwili ukikaa katika hali ya hatari kwa miezi na miezi, huanza kuchoka. Ndipo yanapokuja maumivu ya kichwa na ya mgongo, kiungulia, moyo kupapa, shinikizo la damu kupanda, na uchovu usioondoka hata kwa kupumzika. Watu wengi humwendea daktari na kulalamikia tumbo au mgongo, wala hawataji huzuni. Hawadanganyi. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake ni kirefu zaidi.

Kwa mfugaji kuna jambo la ziada. Ng'ombe si pesa tu. Ni maziwa ya watoto, mahari ya kijana, karo ya shule, na heshima ya mtu barazani. Hata salamu za Kimaasai huuliza habari ya watoto na ya ng'ombe. Tena ng'ombe ni kazi: alfajiri kuna kuhesabu, mchana kuna kuchunga, jioni kuna kukama. Mtu akipoteza ng'ombe hupoteza mali, cheo, kazi na ratiba ya siku kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mzee alisema yeye si mtu tena. Mwalimu aliyefutwa kazi na mfanyabiashara ambaye duka lake limeungua husema vivyo hivyo kwa maneno mengine.

HUZUNI AU UGONJWA?

Huzuni baada ya hasara si ugonjwa. Kulia, kukosa usingizi siku kadhaa, kukasirika upesi na kukumbuka mambo bila kutaka ni desturi ya akili inayojaribu kuuzoea ukweli mpya. Watu wengi waliopatwa na maafa hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, hasa wakipata chakula, usalama na watu wa kukaa nao.

Lakini wengine huugua. Wataalamu huanza kufikiria ugonjwa wa sonona ikiwa mtu, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, ana huzuni nzito au hafurahii tena kitu chochote, na pamoja na hayo ana dalili kadhaa kati ya hizi:

1. Usingizi umepotea au umezidi kiasi.
2. Hamu ya chakula imebadilika, na mwili umepungua au umeongezeka.
3. Uchovu mkubwa usio na sababu ya wazi.
4. Kushindwa kufikiri vizuri, kukaza akili au kuamua.
5. Kujiona hafai au kujilaumu kupita kiasi.
6. Kuwa mzito sana wa mwendo na maneno, au kuhangaika asiweze kutulia.
7. Kufikiria kifo au kutamani kufa.

Kuna ugonjwa mwingine ufuatao maafa, hasa kwa mtu aliyeona kifo kwa macho yake, aliyepigwa au aliyebakwa. Tukio humrudia kama linatokea sasa hivi, katika ndoto au hata mchana. Huepuka mahali na watu wanaomkumbusha, na hushtuka kwa kishindo kidogo. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia kufanya shughuli zake, yafaa aonwe na mtaalamu.

Dalili hizi si laana wala udhaifu wa moyo, wala si ushahidi kwamba mtu hana imani. Ni ugonjwa, na unatibika.

MAMBO YANAYOZIDISHA MADHARA

Kwanza ni pombe. Mtu hunywa ili alale au asahau. Pombe humpa usingizi mwepesi unaokatika usiku wa manane, na kesho yake huzuni huwa nzito kuliko jana. Tena hula pesa zile zile chache zilizobaki.

Pili ni kujitenga. Mwenye aibu hapokei simu, haendi mkutanoni, hakai na rika lake. Kadiri anavyojificha ndivyo anavyoamini kwamba watu wamemsahau. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu ni ushauri mbaya unaotolewa kwa nia njema. "Jikaze kiume." "Wengine wamepoteza zaidi yako." "Sahau tu." Maneno hayo humfundisha mgonjwa kunyamaza. Wanaume ndio wanaoumizwa nayo zaidi, kwa kuwa wamelelewa wakiambiwa kwamba mwanamume halii. Duniani kote watu zaidi ya 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake.

Nne ni kutaka kulipiza hasara yote kwa siku moja, kwa mfano kuchukua mkopo mkubwa wa simu, kucheza kamari, au kuuza kipande cha mwisho cha ardhi kwa bei ya kutupa. Maamuzi makubwa yasiyorudishika yafaa yangoje mpaka usingizi na akili vitulie, tena yafanywe mbele ya mke au mume na wazee mnaowaamini.

HATUA TANO ZILIZOJARIBIWA NAIROBI

Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo mafupi ya kuwasaidia watu waliopatwa na maafa, ambayo hayahitaji daktari bingwa. Mhudumu wa kawaida aliyefunzwa na kusimamiwa vizuri hukutana na mhusika mara tano. Mafunzo hayo yalijaribiwa viungani mwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wale waliopata mafunzo walipungukiwa na mfadhaiko zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Yafuatayo ni mambo makuu ya mafunzo hayo, pamoja na jinsi mzee wetu anavyoweza kuyatumia.

Hatua ya kwanza: tuliza mwili. Keti vizuri, legeza mabega, vuta pumzi polepole mpaka tumbo lijae huku ukihesabu moja hadi tatu, kisha itoe polepole kwa hesabu ile ile. Fanya hivyo kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, usingoje mpaka moyo uende mbio. Mzee afanye hivyo kabla ya kulala asubuhi anapotoka lindoni.

Hatua ya pili: gawanya matatizo. Andika au taja yote yanayokusumbua. Yatenge mafungu matatu: yanayoweza kutatuliwa, yasiyoweza kutatuliwa, na yasiyo na uzito. Kisha chagua moja tu katika yale yanayoweza kutatuliwa, ulivunje vipande vidogo, na uamue utafanya kipande gani wiki hii. Mzee hawezi kuwafufua ng'ombe 74. Karo ya mwanawe, hata hivyo, anaweza kuizungumza na mwalimu mkuu. Kipande cha wiki hii ni kupiga simu shuleni Jumanne asubuhi.

Hatua ya tatu: rudia shughuli. Mgonjwa wa huzuni hungoja apate nguvu ndipo afanye kazi. Ukweli ni kinyume, kwa sababu nguvu hurudi baada ya kuanza. Chagua jambo dogo ulilokuwa ukilifanya, ulipange kwa siku na saa, na ulifanye hata kama moyo hautaki. Kwa mzee, ni kutembea mpaka mnada wa mifugo siku ya soko, si kununua, bali kusikia bei na kukutana na watu wa kwao.

Hatua ya nne: imarisha uhusiano. Chagua mtu mmoja unayemwamini na kumweleza ukweli wako. Usitafute kumi. Kwa mzee, ni kushika simu ya mkewe. Anaweza kusema, "Mama watoto, nimekuwa nikinyamaza kwa sababu naona haya." Huenda akagundua kwamba mkewe alikuwa akiogopa jambo baya zaidi.

Hatua ya tano: linda afya uliyoipata. Siku mbaya zitarudi, hasa msimu wa mvua unapochelewa au siku ya kumbukumbu ya msiba. Ziandalie. Jua dalili zako za kwanza, kama vile kukosa usingizi siku tatu, na urudie hatua ya kwanza mapema.

Jambo kama hili limefanywa pia Zimbabwe. Huko Harare daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wazee kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Mwaka 2016 utafiti ulionyesha kwamba wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Washona huuita ugonjwa huo *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwetu watu husema, "Ana mawazo mengi." Maneno ni tofauti, ugonjwa ni mmoja.

MKATE NAO NI DAWA

Haifai kumwambia mtu mwenye njaa avute pumzi halafu umwache hapo. Utafiti uliofanywa Rarieda, katika Kaunti ya Siaya, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba familia maskini zilizopewa pesa bila masharti ziliishi vizuri zaidi na zilikuwa na furaha zaidi na mfadhaiko mdogo. Riziki na afya ya akili hutembea pamoja.

Wamaasai walilijua hili kabla ya watafiti. Wana desturi iitwayo *ewoloto*, ambapo watu wa ukoo humchangia mifugo mwenzao aliyemalizwa na maafa ili aanze tena. Mbuzi mmoja anayetolewa kwa njia hiyo hujibu lile neno la "mimi si mtu tena", kwa kuwa anayechangiwa anaambiwa kwamba bado ni wao. Ukame unapowapiga watu wote kwa wakati mmoja desturi hii hupungua nguvu, kwani hata mtoaji hana. Hapo ndipo vyama vya akiba, makanisa, misikiti na serikali wanapohitajika kujaza pengo.

Mjini chama cha kuwekeana akiba kina faida mbili. Kwanza hutoa mtaji mdogo wa kuuza maziwa, shanga, mboga au makaa. Pili humlazimisha mtu kukutana na wenzake kila wiki. Kwa mwenye huzuni faida ya pili si ndogo kuliko ya kwanza.

Kwa anayetaka kurudia ufugaji, yafaa kuanza na wachache: mbuzi na kondoo huzaa upesi kuliko ng'ombe, na nyasi zikikatwa na kuhifadhiwa wakati wa neema huwa ndiyo akiba ya kiangazi. Kuuza baadhi ya mifugo mapema, wakati ingali na nyama na bei, ni jambo gumu kwa mfugaji, lakini pesa hizo zaweza kuwaokoa waliobaki.

WATOTO WASISAHAULIWE

Mtoto hasemi, "Nina huzuni." Hurudia kukojoa kitandani, huogopa kuachwa peke yake, hupigana shuleni au hushuka katika masomo. Anachohitaji ni mambo matatu: ukweli mfupi unaolingana na umri wake, ratiba isiyobadilika, na mzazi mtulivu. Shule ni dawa kubwa, kwa sababu humrudishia mchezo, chakula na marafiki.

Wakati wa ukame hatari humkabili zaidi mtoto msichana, kwa kuwa baadhi ya familia humwoza ili kupata mifugo. Sheria ya Kenya hairuhusu ndoa chini ya umri wa miaka 18, na ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Huko Kajiado, Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Wasichana ya AIC, alijulikana kwa miaka mingi kwa kuwapokea wasichana waliotoroka ndoa za mapema na kuwapa makao na masomo. Wengi walikuja na nguo walizovaa tu. Kwa mtoto wa namna hiyo kitanda, daftari na mtu mzima asiyemlaumu vilikuwa mwanzo wa maisha mapya.

MSAADA WAPATIKANA WAPI

Anza karibu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000 nchini, hutembelea nyumba kwa nyumba, na waweza kumwambia wako kwamba hulali. Zahanati na kituo cha afya huweza kukupima na kukuelekeza katika hospitali kubwa zaidi, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kajiado. Mathari, Nairobi, ni hospitali ya kitaifa ya maradhi ya akili, wala si mahali pa aibu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya husimamiwa na Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili mapema kwa simu, *147#, usingoje kuugua.

Daktari akikupa dawa za sonona, jua kwamba hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Usiziache kwa ghafula eti umepona, bali zungumza na aliyekuandikia.

Na ikiwa mwenzako anasema ni heri afe, fanya mambo manne. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kupumua. Msikilize bila kumhubiria. Usimwache peke yake, na uondoe karibu naye vitu vya hatari, pamoja na dawa za kuogeshea mifugo na za mashambani. Kisha mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Kwa ukatili wa kijinsia ni 1195, na kwa mtoto aliye hatarini ni 116.

Zamani familia nyingi ziliogopa kutafuta msaada kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa, na mahali pake ni hospitali.

MWISHO WA SOMO

Kuinuka si kurudi mahali pale pale ulipoanguka. Huenda mzee wetu asiwe tena na ng'ombe 80. Huenda akawa na ng'ombe kumi, mbuzi thelathini, mshahara mdogo wa Kitengela, na binti aliyemaliza shule. Kuna siku atakumbuka kundi lake na moyo utauma. Hilo ni sawa. Tumaini ni kuamka kesho na kujua jambo moja la kufanya, na mtu mmoja wa kumweleza.

Koleo la mhunzi likivunjika, uhunzi bado umo mikononi mwake.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna mtu katika jamaa yako ambaye siku hizi hashiki simu? Ni nani atakayemtembelea wiki hii?
2. Katika matatizo yako ya sasa, ni lipi moja linaloweza kuvunjwa vipande vidogo? Kipande cha kwanza ni kipi, na utakifanya siku gani?
3. Maneno gani mnayoambiana nyumbani humfanya mwenye huzuni anyamaze? Mtasema nini badala yake?
4. Chama, kanisa au msikiti wenu umepanga nini kwa ajili ya mwanachama atakayepatwa na maafa kabla ya msimu ujao?